Jumamosi Ile Nyumba Yetu ya Kadutu Ilinyamaza

Admin, ukipandisha hii kwa page, jina langu libaki kwako. Kadutu ni mtaa mukubwa, lakini siri haijawahi kulala huko usiku mbili.

Mimi ni binti wa miaka makumi mbili na tatu, wa kwanza kwetu. Huu ni mwaka wa pili niko Pologne, huku Ulaya. Ninasoma logistique, ni kusema wananifundisha namna kitu kinafikaka mahali kinangojewa, kwa saa yake. Mutaona kama nimejifunza.

Nililelewa na koko, mama ya maman. Maman alikuwa anashinda sokoni na viazi vyake, koko ndiye aliniogesha, akanisuka, akanichapa. Mara mingi alinichapa sababu ya uongo wangu. Haikusaidia. Na hakuwa mutu wa maneno. Nilipopata diplome watu walipiga vigelegele, yeye akasema "haya", akarudia maharagi yake.

Huku Ulaya watu wanakusalimia na meno, wanapita. Basi wasichana wawili tunaopika nao mu cuisine moja, mumoja wa Cameroun, mwingine wa Zambie, siku moja wakasema: "Twende Prague, ijumaa mupaka siku ya Mungu." Mwaka na nusu, hakuna mutu alikuwa amesema "twende" na mimi nikiwa ndani. Nilikubali mbele wamalize kusema.

Shida ilikuwa maman. Kwa maman, mutoto aliye Ulaya anasoma, ao analala. Ya tatu haiko. Nikamwambia: "Maman, kutoka ijumaa tunaingia session, ni kusema examen za mwezi na nusu, na siku tatu za kwanza ndizo nguvu. Simu itakuwa imefungwa. Nitakupigia jumamosi, mara moja tu."

"Soma, mutoto yangu," akasema. "Huku hakuna shida. Koko tu anakohoa."

Sikuuliza zaidi. Koko alikuwa anakohoa toka nizaliwe.

Jumamosi, saa sita ya mchana, tulikuwa kwenye lile daraja la mawe la Prague. Watu kama soko ya Kadutu, na muzee mumoja anapiga accordéon. Examen haina accordéon. Nikaingia mu toilettes ya restaurant moja, nikafunga mulango, nikawaomba wale wawili wasimame inje na wasicheke. Nikapiga.

"Maman, ya leo imepita muzuri."

"Asante Mungu. Ulikula?"

"Nilikula. Na koko?"

"Koko amelala."

"Maman, mbona leo nyumba imenyamaza hivi?"

"Watu wamechoka," akasema.

Kwetu, nyuma ya ukuta kuko mashini ya kusaga, juu yetu kuko kanisa ya micro, mbele kuko bamotard na pikipiki zao. Hiyo nyumba hainyamazaki hata courant ya umeme ikikatika. Lakini mimi niliona ni Mungu ananisaidia kuongopa. Nikatoka, tukapiga photo, mimi katikati na robe ya jaune, gauni yangu ya manjano, mudomo wazi mupaka unahesabu meno. Nikaiweka kwa statut ya simu yangu. Nilimuficha maman, tonton kaka yake, na bashangazi wote. Nikasahau cousine mumoja, binti wa shangazi.

Jumatatu, nikiwa nimerudi, binti mumoja wa chorale ya kanisa ya kwetu akaweka photo kwa statut yake. Ni parcelle yetu, uwanja wa nyumba. Kuko bâche, turubai ya bleu, viti vya kukodi, maman ameketi chini juu ya mukeka, amefunga kichwa. Tonton ameshika musalaba, na juu ya musalaba kumeandikwa jina la koko. Baada ya dakika chache akaifuta. Nafikiri kuna mutu alimugombeza.

Nikamwandikia yule cousine. Akajibu: "Koko alikufa ijumaa asubuhi. Tonton alisema usiambiwe mupaka session iishe. Jumamosi ulipopiga simu, maman yako alisimama, akasema, 'Munyamaze wote, mutoto yangu iko mu examen.' Watu wakanyamaza. Hata wale waliokuwa wanalia kando ya sanduku."

Kisha akaongeza: "Ile robe ya jaune inakupendeza."

 

Sasa ni wiki tatu. Kila siku ya Mungu maman anapiga simu, na mimi ninauliza habari ya koko, sababu nisipouliza atajua kama ninajua. "Koko anasema uvae kofia." "Koko anasema usilale bila kuomba." Akiwa muzima alikuwa ananipa neno moja kwa mwezi, sasa anashauri kama radio. Ninajibu, "Mwambie asante." Halafu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata.

Kulia, sina mahali. Mu cuisine, Mucameroun alibandika ile photo kwa frigo. Ninakula nikiangaliana na meno yangu. Wakiniuliza niko na nini, ninasema examen. Safari hii ni kweli, inaanza wiki ijayo.

Nikimwambia maman kama ninajua, tutalia pamoja, na hiyo tu ndiyo kitu ninachotaka. Lakini atauliza nilijua namna gani, uzi utavutwa mupaka kwenye daraja, na watu wote wale watajua walifunga midomo mbele ya maiti kwa ajili ya nani. Nikingojea session iishe, tonton atanipigia na sauti ya chini, nami nitapaswa kulia kama mutu anayesikia mara ya kwanza. Kumulilia koko kwa uongo. Angejua.

Bandugu, na zaidi nyinyi bamaman, munishauri, lakini kabla ya siku ya Mungu. Siku hiyo maman ataniambia koko ananisalimia. Nimujibu nini?