Mahema ya Matanga

Kabla ya kustaafu nilikagua hesabu za watu mjini Kisii kwa miaka mingi, nikajifunza kuwa biashara inayokufa huonyesha dalili karatasini mapema kuliko machoni. Mume wa dada yangu mdogo alikodisha mahema, viti na gari la kubebea maiti. Mahema yake yalionekana kila wiki kutoka Marani hadi Nyamira, na watu wakasema ametajirika. Mimi sisadiki yanayosemwa. Nilitaka madaftari.

Dada aliniletea ya miaka miwili nyumbani kwangu Kiogoro, ameyafunga katika leso. Mumewe alitaka mkopo wa kununua gari la pili, na shamba lao la Nyakoe liwekwe rehani. Benki haingetoa kitu bila sahihi ya mke.

"Kaka, nitie sahihi au nisitie?"

Niliyachambua madaftari siku nzima. Mauzo yalikuwa yamepanda; fedha zilizoingia zilikuwa zimeshuka. Mwaka wa kwanza wateja walilipa baada ya miezi miwili hivi, wa pili baada ya mitano. Sababu haikuwa fumbo. Aliyefiwa huahidi kulipa michango itakapokusanywa, na kwetu hakuna athubutuye kumdai mtu penye kaburi bichi. Mafuta ya gari, lakini, hulipwa papo hapo. Kila mazishi yalimwongezea shemeji sifa na kumpunguzia fedha. Gari la pili lingeharakisha mwisho tu.

Hayo niliyaona. Nilichomwambia dada ni kingine.

"Miaka miwili haithibitishi mwelekeo. Hesabu za mwaka huu zikifungwa, nitakupa jibu la uhakika."

"Sikuulizi jibu la mahakamani, kaka. Nakuuliza unavyoona."

"Kuona si ushahidi."

"Haya. Siku utakayokufa, tutangoja madaktari watatu wakubaliane ndipo tulie."

Wiki iliyofuata nilikutana na mumewe sokoni Nyakoe, naye alikwisha kusikia kwa dada kwamba nasita. "Shemeji wa kalamu!" akaita mbele ya watu. "Umepata wapi kwamba wafu watakwisha?" Watu wakacheka. Nilimjibu kuwa hesabu bado hazijafungwa, nikaenda zangu.

Dada alingoja miezi miwili, kisha akatia sahihi.

Hesabu za mwaka ule zilipofungwa, wateja walikuwa wakilipa baada ya miezi minane, na wengine hawakulipa kabisa. Makadirio yangu yalikuwa sahihi, na hayakuwa na faida kwa yeyote. Magari yote mawili yalichukuliwa na benki. Kisha dalali akaja Nyakoe na mnunuzi, wakatembea mpakani mwa shamba wakihesabu hatua, dada akiwa amesimama mlangoni.

Sasa mumewe amepanga chumba Nyamira, na dada anaishi kwangu. Kila asubuhi hurudi katika shamba lile kuchuma majani chai kwa malipo ya kilo. Michai aliipanda mwenyewe alipoolewa. Nilimwambia aache, hatakosa chakula hapa. Akajibu kwamba mchumaji mgeni angeiharibu, akachukua kikapu chake akaondoka.