Mlima Uliokatwa Miti

Juu ya kijiji chetu, upande wa Mpui, palikuwa na msitu uliofunika mgongo wa mlima. Ndani yake lilisimama tanuru refu la udongo ambamo mababu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma. Wafipa tunaliita ilungu. Msituni humo watu walitambikia, na hakuna aliyethubutu kukata hata kijiti cha kuni.

Serikali iliporuhusu biashara huria, akaja mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini, na kibali mkononi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye pekee aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji kumpinga. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya mteremko.

"Miti ile ndiyo inayoushika mlima," alisema. "Na wazee wetu wamelala pale."

Yule bwana akacheka. "Mama, siku hizi ni soko huria. Mizimu hailipi kodi."

Watu wakacheka pamoja naye. Nami nilikuwapo, na mpaka leo kicheko kile kinanichoma. Misumeno ikaingia. Malori yakashusha magogo mpaka mlima ukabaki kipara.

Masika yaliyofuata, mvua ilinyesha mfululizo. Mchana mmoja mlima ukanguruma, tope likashuka na mawe, likalisomba lile tanuru na kuiangukia nyumba ya shangazi. Tulimfukua kwa majembe na mikono. Alikuwa hai, lakini mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Jirani yake, mama wa watoto wadogo, tulimtoa akiwa amekwisha kufa.

Baada ya mazishi akaja ofisa wa serikali na gari lenye mablanketi. Alimkuta shangazi amelazwa kwenye mkeka kwa jirani mwingine, nami nimeketi kando yake.

"Shikamoo mama. Pole sana. Hili ni janga la asili, hakuna wa kulaumiwa."

Shangazi hakuitikia hata marahaba. Alijiinua kwa kiwiko.

"Asili gani hiyo inayotembea na msumeno?"

Ofisa akaniwekea blanketi mapajani, akaondoka.

Nilimchukua shangazi nikaishi naye Majengo kule mjini, nilikokuwa nikishona nguo. Mguu haukupona sawasawa. Alitembelea fimbo hadi alipofariki. Hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu kibali kile. Yule bwana wa mbao aligombea udiwani, akashinda, na kwenye sherehe yake wanakijiji wenzangu walimchezea ngoma.