Mzee na Taa ya Bafuni

Juzi, kwenye duka la vifaa vya umeme Kilakala, jirani yangu alinunua taa ya dari ya bafuni. Muuzaji akamwonya, "Mama, usifunge mwenyewe. Tafuta fundi."

"Fundi ni mume wangu," akajibu. "Macho tu ndiyo hayaoni tena."

Nilifuatana naye hadi kwake nikamshikie ngazi. Mzee, mumewe, aliketi mlangoni pa bafu.

"Umezima meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima?" akamuuliza mkewe.

"Nimezima."

"Kaangalie tena."

Mama akashuka, akaenda, akarudi. Mzee akawa anauliza rangi ya kila waya, mkewe anataja, naye anamwelekeza pa kuufunga.

"Imewaka!" mama alisema hatimaye, baada ya kurudisha umeme.

"Sasa hutateleza humo gizani," mzee akajibu.

Mtaani tulishasema mzee yule ameacha ufundi. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe kama ni kweli.