Damu ya Wifi

Peris alikuwa amefua damu za watu miaka kumi na mmoja katika hospitali moja ya Kitale, shuka baada ya shuka, na hakuwahi kutapika. Siku aliyotapika, mwaka wa 1953, hakutapishwa na damu. Alitapishwa na ndugu yake.

Ndugu huyo, Walubengo, alimleta mkewe Nekesa kutoka Misikhu kwa lori la mahindi. Mtoto alikuwa amezaliwa salama. Mama ndiye aliyekuwa akivuja damu, midomo imempauka kama majivu. Jotham, dresa wa wodi, msaidizi wa daktari, akasema wazi kwamba bila chupa ya damu jua halitatua Nekesa akiwa hai. Akawatoboa vidole jamaa, akapima. Ya Walubengo ilipatana na ya mkewe. Ya Peris pia.

"Ati nitoe?" Walubengo akaruka. "Damu yangu ikiingia ndani yake, si atakuwa mtu wa ukoo wetu? Nitalala na dada yangu mimi?"

Mzee Wabwile, baba yao mdogo, badala ya kumzaba kofi, akatikisa kichwa kwa hekima yake ya bure. "Ni kweli. Ng'ombe wa mahari tulipeleka kwao kwa sababu ni damu nyingine. Tukichanganya ni mwiko."

Lo! Mtu anakwisha kitandani, na wanaume wazima wamekaa kwenye benchi wanajadili ukoo! Walubengo huyu huyu kila Krismasi hujisifu kwamba kwenye kisu cha jando hakupepesa jicho. Leo ametobolewa kidole tu, bado anakinyonya. Peris alikitazama hicho kidole mdomoni, akatoka akatapika kando ya karo la kufulia.

Aliporudi alikuwa amekunja mkono wa gauni. "Jotham, chukua yangu."

"Wee Peris!" Mzee akafoka. "Hata yako ni ya ukoo! Utavunja ndoa ya ndugu yako!"

"Baba, afadhali ndoa ife kuliko mwenye ndoa. Kaeni hapo mlinde mwiko wenu. Mnanitia kinyaa."

Chupa ikajaa. Kufikia jioni midomo ya Nekesa ilianza kurudiwa na rangi, na siku ya tatu alikaa akamnyonyesha mwanawe.

Hapo Walubengo akaingia na kuku mweupe kwapani. "Mama mtoto, Mzee amepata njia. Huyu akichinjwa, utakuwa mke wangu tena."

Nekesa alikuwa ameyasikia yote ya benchini. Mgonjwa hulala, masikio hayalali. "Kwani sasa mimi ni nani?"

Walubengo akababaika. "Sasa… ni kama dada."

"Haya, kaka. Basi mimi na dada yangu Peris tutakaa hapa Kitale. Wasalimie watu wa Misikhu."

Walubengo akageuka kwenda, kuku bado kwapani.

"Kuku mwache," Peris akamwambia. "Mzazi anahitaji supu."