Kibali cha Bima

Karani wa kliniki ya mifugo pale Nakuru hapigii kampuni ya bima simu akiwa amekaa. Huibana simu begani, mkono wake wenye makovu ya meno ukiwa juu ya mbavu za mbwa, midomo ikihesabu pumzi. Leo Muiruri, mkulima wa Ndabibi, alimleta mbwa wake tumbo likiwa limejaa gesi, limekaza kama ngoma.

"Bila kibali hatulipii upasuaji, madam. Subiri," simu ikasema.

Muiruri, ambaye bila bima hangeweza kulipa, akabaki kumtazama karani. Pumzi tatu zikapita. Ya nne ikachelewa.

"Nitasubiri, boss," karani akaijibu simu kwa upole, huku akiusukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa mguu. "Daktari, anza. Kusubiri ni kazi yangu, si ya mbwa."