Mwalimu na Nesi wa Nyumba ya Kiponda

Wiki iliyopita, kule chuoni Tunguu ninakofundisha, mwanafunzi mmoja alisema neno ambalo limenifuata mpaka nyumbani. Walikuwa wakijadiliana juu ya ile sheria iliyopitishwa na wawakilishi wetu miaka ya nyuma, ya kuwatia jela mwanamume na mwanamume, au mwanamke na mwanamke, wanaokaa pamoja kama mke na mume. Kijana huyo, mtaratibu, wala hana ubaya usoni, alisema mambo hayo kwetu hayakuwepo, yameshuka na wageni wa mahoteli ya Kiwengwa. Wenzake wakamuitikia. Nikamuuliza, "Hayakuwepo lini?" Akatabasamu kwa adabu, akanambia, "Zamani yenu nyinyi, Bi. Mlikuwa mnaishi vizuri."

Kweli tuliishi vizuri. Ngoja nikwambie tuliishi na nani.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kiponda, nyumba ya mawe na chokaa, ngazi zake za mbao zikilia kila ukikanyaga. Juu tulikaa sisi, bibi, baba, mama na sisi watoto. Chini, kwenye vyumba viwili vilivyoelekea ua, walikaa Mwalimu na Nesi. Nilipopata akili, katikati ya miaka ya themanini, niliwakuta hapo, na kwa akili ya kitoto niliona walikuwepo tangu nyumba ilipojengwa.

Mwalimu alikuwa mtu wa mjini kama sisi, wa ukoo wa Kiarabu, mrefu, mwembamba, anayesema polepole. Aliwahi kuolewa, akakaa muda mfupi, akarejea, na hakuna aliyemuuliza tena. Alifundisha watoto wadogo, na nusu ya mtaa ilijua kusoma kwa sababu yake. Nesi alikuwa mtu wa Mkokotoni, mfupi, mnene, na kicheko chake kilipanda ngazi mpaka kwetu. Alifanya kazi wodi ya wazazi. Mimi alinipokea yeye, na ndugu zangu wote.

Ukinambia nikumbuke nyumba ile, kwanza nakumbuka uji. Nesi akirudi zamu asubuhi, Mwalimu keshampikia uji wa mchele wenye pilipili manga na tui zito, kaufunika na kawa. Harufu ile ilitutoa sisi kitandani. Tukishuka, Nesi kakaa kwenye kibao cha mbuzi, viatu kavua, anasimulia kwa sauti ya chini nani kazaa mapacha na nani kamsumbua, na Mwalimu anamsikiliza huku akifunga buibui aende skuli. Nasi tulipata vikombe vyetu. Baada ya hapo kazi: kuteka maji kabla mfereji haujakauka, kufagia ua, kuanika nguo nyeupe za Nesi, kumtandikia kitanda alale. Kitanda kilikuwa kimoja, samadari kubwa ya Mwalimu aliyorithi kwa mama yake, na chandarua kimoja. Nimekitandika mara nyingi. Chumba cha pili kilikuwa cha cherehani na vitabu.

Watu wazima walijua wanachokijua. Mwezi wa Ramadhani, sahani za futari zilipopita nyumba kwa nyumba, kwa Mwalimu na Nesi ilipelekwa sahani moja, kama inavyopelekwa nyumba moja. Jirani yetu Mhindi mwenye duka la vitambaa akiwa na sherehe yao ya taa, naye alileta bakuli moja la halua na kusema, "La chini." Sikuwahi kumuona mtu aliyeleta mawili. Siku moja dada yangu mkubwa, akiwa na umri wa kupenda kuuliza, alimuuliza bibi kwa nini Nesi haolewi. Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakunyanyua uso. "Mlango wa chumba cha mtu una pande mbili," alisema, "na upande wako wewe ni wa nje." Ndiyo ikawa basi.

Baba aliwahi kuugua homa ya matumbo, mimi nikiwa darasa la nne. Hospitali ilikuwa haina dawa wala shuka. Nesi alimuuguza pale pale nyumbani, akitoka kazini anakuja kwake, akimpa maji kwa kijiko, akimgeuza kama mtoto. Alipoinuka, baba alisema mbele yetu sote, "Baada ya Mungu, ni Nesi." Nakutajia hili ili umjue baba yangu pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka dogo Darajani na alipenda kusifiwa na wenzake.

Mimi nilikwishakuwa mtu mzima sheria ilipoanza kuzungumzwa. Kwanza ilikuwa kwenye kanda za mawaidha, kisha redioni, kisha kila baraza la mtaa likawa halina jengine. Mambo ambayo kwa miaka hayakuwa na jina sasa yalikuwa na majina, na majina yote yalikuwa matusi.

Alasiri moja nilitoka sokoni na Mwalimu, mimi nimembebea kikapu. Alikwishastaafu wakati huo, lakini watoto bado walimjia jioni kwa masomo ya ziada. Tulipopinda kona ya nyumbani tulimsikia fundi seremala, aliyezoea kukaa kwenye baraza letu na baba, akisema kwa sauti, "Kwa nini tuwangoje wawakilishi? Tupige kura yetu sisi hapa. Anayetaka iwe sheria anyanyue mkono."

Wakanyanyua. Walikuwa wanaume sita au saba, na baba yangu mmoja wao. Wengine walikuwa wanacheka, kama watu wanaofanya mchezo. Hapo ndipo walipotuona.

"Asalaam aleikum," akasema Mwalimu.

Wakaitikia. Muuza maziwa, ambaye Mwalimu alimfundisha alifu na be na hesabu za kujumlisha, aliitikia mkono wake bado uko juu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnahesabu nini?"

Baba alikuwa anatazama makubazi yake.

"Mazungumzo tu, Mwalimu," akasema fundi seremala.

"Haya. Shusheni mikono basi, mtachoka."

Akaingia ndani. Mimi nikamfuata na kikapu. Uani alikaa kwenye kibao, akatoa ndizi moja moja, akazipanga chini kwa ukubwa wake, kisha akazirudisha kikapuni. Nesi akamuuliza una nini. Akasema ni jua tu.

Sheria ikapita. Hakuja polisi kwetu, nisikudanganye. Kilichokuja kilikuwa kidogo kidogo. Watoto wa masomo ya jioni walipungua, kila mzazi na udhuru wake, mpaka akabaki mmoja ambaye mama yake alikuwa kiziwi na pengine hakusikia habari. Mwezi wa Ramadhani sahani zilikuwa chache. Asubuhi moja tulikuta mtu kaandika neno kwa mkaa ukutani karibu na mlango. Mwalimu alitoka na kumbi la nazi na ndoo, akausugua ukuta mwenyewe. Alipomaliza alinambia, "Kaandika kwa makosa. Lazima nimemfundisha mimi." Nilidhani anafanya mzaha, mpaka nilipomuona anarudia kuusugua ukuta uliokwishatakata.

Kisha baba akapanda kwa bibi. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi na mlango ulikuwa wazi.

"Mama, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema. Nyumba ni yetu. Jina langu ndilo linalotajwa msikitini. Waambie watafute pahala."

"Waambie wewe," akasema bibi. "Teremka ukamwambie Nesi. Mwambie kwa ulimi ule ule aliokuwa akiulowesha kwa kijiko."

Baba hakuteremka. Wala hakuacha kusema. Kila siku alikuja na jambo jipya, na bibi kila siku alikuwa na jibu, mpaka wakafika mahali mama na mwanawe wanakula nyakati mbalimbali. Bibi presha ilipanda. Na ni Nesi aliyekuja kumpima, na kamba zake za kipimo shingoni, na akiwa anamfunga mkono alisema, "Bi Mkubwa, nnakwenda Mkokotoni kwa kaka yangu. Usinizuie. Sitaki kukugombanisha na mwanao."

"Na mwenzio?"

"Yeye hana kwao pahala pengine. Mwache akae. Akiwa peke yake hawatakuwa na la kusema."

Siku aliyoondoka, Mwalimu alimkunjia kanga zake moja moja, kona kwa kona. Hawakulia mbele yetu. Gari ya mizigo ilikuja, wakapakia sanduku na jiko la mkaa, na Nesi akapanda mbele na dereva. Mwalimu alirudi ndani kabla gari haijaondoka.

Baada ya hapo Nesi alikuja mara moja kwa wiki. Alikaa uani kwenye kiti cha mgeni, akanywa chai aliyokaribishwa, akaaga kabla ya magharibi. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akilala ndani ya mlango ule, na sasa alikuwa anapiga hodi. Hilo lilinikera kuliko tusi la ukutani. Nilimwambia baba, nikamwambia waziwazi kuwa ni dhuluma. Akanambia mimi ni mtoto na nimesoma sana. Labda vyote viwili vilikuwa kweli. Dhuluma ilibaki pale pale.

Nesi alikuwa na sukari. Akajikwaa kidole, kidonda kikakataa kupona. Mwalimu aliomba aletwe mjini amuuguze. Kaka mtu alikataa. Alisema dada yake ana kwao. Zile ziara za kila wiki zikakoma, na Mwalimu akawa yeye ndiye anayekwenda Mkokotoni, akikaribishwa mkekani na wake za kaka, akimtazama Nesi katikati ya watu.

Habari tuliipata kwa redio. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, Mwalimu uani anapepeta mchele, redio dirishani, mimi nafua. Msomaji alitaja jina kamili la Nesi, jina ambalo sisi hatukuwa tukilitumia, ikanichukua muda kuelewa ni la nani. Akasema kaka wa marehemu anasikitika kutangaza kifo cha dada yake. Habari ziwafikie fulani wa Nungwi, na fulani wa Tumbatu, na watoto wa marehemu mjomba walioko Pemba. Majina yakaendelea, marefu. Mwalimu aliusimamisha ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kaelekeza dirishani, na majina yalipokwisha bila la kwake, msomaji akaanza tangazo la mtu mwengine.

Tulikwenda Mkokotoni, mimi, bibi na Mwalimu, na baba akaja na gari ya wanaume. Mwalimu aliomba kusaidia kuosha. Akaambiwa waoshaji wapo. Akakaa karibu na mlango na majirani na watu wa mbali. Wanawake waliingia, wakapita mbele yake, wakaenda kuwapa mkono wake za kaka, mmoja baada ya mwengine, na mmoja wa wake hao alikuwa ameolewa mwaka ule ule. Nje nilimuona baba kashika jeneza. Alilibeba mbele kabisa, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Bibi yangu aliingia wa mwisho kwa sababu ya miguu. Alisimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku mpaka akamuona anayemtafuta. Akaenda mlangoni, akakaa chini kwa taabu, akaushika mkono wa Mwalimu kwa mikono yake miwili. "Mungu akupe subira, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Umefiwa." Mwalimu akalaza kichwa begani kwa bibi, na hapo ndipo nilipomsikia akilia.

Tuliporejea mjini, Mwalimu hakutoka tena. Alisema miguu inamuuma. Hakwenda sokoni wala harusini. Wanja aliuacha, na hina, na akawa anavaa gauni jeupe, moja baada ya jengine. Bibi alimpelekea chakula kila siku, au mimi. Watu walisema mama wa watu kazeeka ghafla. Mimi nami niliamini ni miguu. Mpaka asubuhi moja, miezi minne na kitu baadaye, bibi aliponiamsha na kunambia nichemshe maji ndoo nzima nitie mawaridi. Yeye alitoa kasha lake, akachagua doti ya kanga mpya, akatia udi kwenye chetezo.

Kwenye ngazi tulikutana na baba anatoka kwenda dukani. Akatazama ndoo, akatazama chetezo.

"Mnakwenda wapi na hivyo?"

"Nnakwenda kumtoa mtu eda," akasema bibi.

Baba akajibanza ukutani, kwa sababu ngazi zetu zilikuwa nyembamba, akatupisha.

Wote hao nshawazika sasa, bibi, kisha Mwalimu, na baba naye. Nyumba imeuzwa, uani pana meza za watu wanaokunywa kahawa wakitazama simu zao. Mimi si mtu wa kulilia majumba. Na nisikufiche, rafiki yangu, sililii hata kile kimya cha zamani, maana kimya ndicho kilichomruhusu kila mtu kula uji wa Mwalimu na Nesi na baadaye kunyanyua mkono. Bibi hakuwahi kusema kuwa sheria ile ni mbaya. Sidhani alikuwa na maneno ya kulisema hilo. Alijua tu kwamba mtu kafiwa, na kwamba anayefiwa na mwenziwe hukaa eda, na anayemaliza eda huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na kufukizwa udi. Siku hizi maneno tunayo tele, ya upande huu na upande ule, na wanafunzi wangu wanayajua yote. Wa kuteremka ngazi na ndoo ndiye nisiyemuona.