Rafiki yangu aliikana keki aliyonifundisha mwenyewe

Poleni na majukumu, ndugu zangu. Admin, nifichie jina, na majina ya watu nimebadilisha, maana Mtwara tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Songea na ni Mkristo. Kazi ya mume wangu bandarini ndiyo iliyotuleta huku, tukapanga Magomeni ya hukuhuku Mtwara, na tumekaa mpaka watoto wanaongea kama wenyeji.

Tulipohamia sikuwa na ndugu wala shoga. Aliyenipokea ni jirani yangu, nitamwita Mama Hidaya, Muislamu, mtu wa Mpapura, mwenyeji wa huku. Nilikuwa naoka keki za kuuza, lakini siagi ilikuwa inanimaliza. Bei yake iko juu, na kwa joto la huku inayeyuka hata hujaikoroga na sukari. Nikitia majarini, wateja wanalalamika keki inakaba kooni. Siku moja Mama Hidaya alinikuta jikoni nimekata tamaa, akasema, "Mama Neema, unalilia siagi na korosho zimejaa? Loweka, saga na tui zito la nazi, halafu utaniambia."

Korosho alizitoa kwa mama yake, zile zilizovunjika ambazo hazina soko. Tukajaribu pamoja. Keki ya kwanza ilitoka ngumu kama tofali, ya pili ikabonyea katikati, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Tulipopatia, ilikuwa laini hata mzee asiye na meno anakula.

Jamani, ile keki ilinijulisha mji mzima. Harusi, maulidi, Idi, naoka mimi. Mpaka Msimbati, nje ya mji, walikuwa wanaagiza. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na hakuna aliyewahi kuniuliza dini.

Sasa kwenye harusi moja hukohuko Msimbati, mama mmoja akaionja keki akasema, "Hii haina harufu ya siagi wala majarini. Ulaini huu unatoka wapi?" Mwenzake akamjibu, "Muokaji si Mkristo, mtu wa kuja? Labda mafuta ya kitimoto." Inawezekana alitania. Lakini utani ule ulifika mjini ukiwa habari kamili. Simu za oda zikakata. Mama mmoja niliyemuokea keki miaka yote alirudisha niliyompelekea, kaifunika kanga, hakuweza hata kuniangalia. "Nisamehe dada, baba watoto kakataa." Sikumlaumu. Na mimi ningeambiwa nimelishwa kitu ambacho dini yangu inakataza, ningeogopa.

Nikawakaribisha waje waone ninavyooka. Wakaja wawili, wakala, wakashukuru. Wengine wakasema siku hiyo nitaoka vizuri kwa kuwa najua naangaliwa.

Nikaenda kwa Mama Hidaya, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia, "Shoga yangu, waambie. Wewe ndiye unayejua ninachotia." Hakuinua uso. "Mambo ya dini mazito, Mama Neema. Nikikutetea watasema na mimi nimeshalishwa. Acha yapoe."

Nikaondoka nikijipa moyo kwamba anaogopa tu. Baadaye mama mmoja aliyekuwepo kwenye ile harusi akanieleza kitu kilichoniua kabisa. Maneno yale yalipotoka, Mama Hidaya alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule, sahani yake ya keki mkononi. Wakamgeukia: "Wewe jirani yake, anatia nini?" Akajibu, "Mie sijui. Siingiagi jikoni kwake."

Siingiagi jikoni kwake! Jiko ambalo vijiko vyake na vyangu vilishachanganyika, hatujui kipi cha nani.

Hayakupoa. Miezi michache mbele nikaona kwenye status yake: "Keki za korosho na nazi, halali, mikono ya Kiislamu." Na picha, keki niliyooka mimi. Nikaweka simu chini nikaendelea kufua.

Wiki iliyopita kapita mlango wa uani. Kapata oda ya harusi kubwa na keki zake zinabonyea, moto wa oveni haujui. Akasema, "Oka wewe, mie nipeleke. Tutagawana, hakuna atakayejua." Nikamuuliza, "Na yale mafuta ya nguruwe?" Akajibu, "Ah, usirudishe ya nyuma. Waliosema ni watu, mie sikusema neno." Na ni kweli, neno la nguruwe hakulisema yeye, alisema tu hajui. Ndilo linaloniuma.

Mume wangu anasema nichukue kazi, njaa haina kiburi. Namuelewa, amechoka kubeba nyumba peke yake. Lakini binti yangu wa miaka kumi na moja alikuwa anasikiliza. Mgeni alipotoka akaniuliza, "Mama, kwa hiyo keki yako ikipitia kwa Mama Hidaya ndiyo inakuwa halali?"

Nikamtuma dukani ili asinione ninavyolia.

Nikikataa, tunaendelea kubanana, na mwenzangu ataendelea na jina jema. Nikikubali, ni kama nimekiri mwenyewe kwamba mikono yangu ni najisi mpaka apite yeye mbele. Harusi imekaribia na anasubiri jibu, kila asubuhi ananisalimia kama hakuna kilichotokea. Ninyi mngekuwa mimi, mngewasha jiko? Nishaurini, ila msinitukanie Waislamu, wananunua kwa imani yao. Aliyeniumiza ni mmoja, na nilikuwa namwita dada.